Jinsi ya kujua kama mashapo yanautuliza mto au yanauchachamaza

Kazi yangu ni kupima mito ya Pwani ya Kenya, na ninaoujua zaidi ni Sabaki. Huanza kama Athi kule nyanda za juu za Nairobi, hukutana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha huingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Masika ikishika bara, maji yake hugeuka mekundu hata ukichota kikombe huoni kitako chake. Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaokuja kujifunza ni hili: mashapo hayo yaliyomo ndani ya maji yanauongezea mto msukosuko, au yanaupunguza?

Jibu liko kwenye chembe zenyewe: ukubwa wake, wingi wake, na ziko kina gani. Rangi ya maji haitakusaidia, na sampuli moja ya ndoo iliyochotwa juu haitakusaidia pia. Hapa chini naeleza namna ninavyolitafuta jibu kwa vifaa vya kawaida na hesabu tatu ambazo simu yoyote inaweza kuzifanya. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu watu wanachimba mifereji, wanajenga midomo ya kuchotea maji na kuweka pampu kwa kutegemea sampuli za juu, halafu mchanga ambao hawakuupima unawajia wote.

Msukosuko unatoka wapi

Maji ya mto hayasafiri kwa mistari iliyonyooka. Ukipima kasi mahali pamoja, utaiona inapanda na kushuka kila sekunde, na maji yale yale yanayokwenda mbele yanarushwa pia juu na chini. Msukosuko huo huzaliwa zaidi karibu na sakafu ya mto, pale maji yanaposuguana na mchanga na mawe. Hutokea mizunguko mikubwa, ambayo hupasuka ikazaa midogo, na midogo ikazaa midogo zaidi, mpaka mnato wa maji unaizima kabisa na nguvu yake kuishia kuwa joto dogo lisilohisika.

Mizunguko hiyo ndiyo inayobeba mashapo. Kila chembe inaanguka muda wote; inabaki juu kwa sababu tu inarushwa tena kabla haijafika chini. Kurusha huko kuna gharama, na anayelipa ni msukosuko wenyewe. Zaidi ya hapo, mashapo mengi yakikaa chini, maji ya chini huwa mazito kuliko ya juu. Mzunguko unaotaka kupanda lazima unyanyue maji mazito na kuyapitisha katikati ya maji mepesi, na hapo hupoteza nguvu. Katika mito mingi ya mchanga, hiyo ndiyo njia kuu ambayo mashapo hutuliza maji.

Sasa linganisha chembe mbili katika maji yenye joto la Pwani. Tope lenye kipenyo cha milimita 0.02 huanguka kwa takriban milimita 0.4 kwa sekunde. Mchanga wa milimita 0.2 huanguka kwa takriban milimita 25 kwa sekunde. Gharama ya kuielesha chembe ni uzito wake ndani ya maji mara kasi yake ya kuanguka. Kwa hiyo gramu moja ya mchanga huo inakula nguvu ya msukosuko mara 60 hivi kuliko gramu moja ya tope. Tope ndilo linalopaka mto rangi. Mchanga ndio unaoulemea, na mchanga haupaki rangi. Ukishika hilo tu, umeshapita nusu ya safari.

Kuchagua mahali na kupima kasi

Tafuta kipande cha mto kilichonyooka, kisicho na mawe makubwa wala nguzo zinazokata maji mbele ya unapopimia. Maporomoko ya Lugard, pale Galana inapobanwa kwenye mwamba ndani ya Tsavo Mashariki, ni pazuri kwa kutazama na hapafai kwa kazi hii, kwa sababu msukosuko wa pale unatengenezwa na mwamba.

Pima ukiwa juu ya daraja. Usiingie majini. Galana na Sabaki zina mamba na viboko, na mto uliojaa huchimba mchanga chini ya miguu ya mtu kabla hajajua.

Kina kipime kwa kamba yenye uzito. Mteremko wa uso wa maji uupate kwa darubini ya wapima ardhi kati ya sehemu mbili zilizo mbali. Kwa mteremko wa 0.0003, tofauti katika mita 500 ni sentimita 15 tu, kwa hiyo usikadirie kwa macho. Kasi ya juu ipime kwa chungwa. Chungwa huzama karibu lote, upepo haulisukumi, na rangi yake inaonekana vizuri kwenye maji mekundu. Zidisha kasi hiyo kwa 0.85 upate wastani wa kina chote. Kama una kipima kasi cha panga, yaani chenye rafadha ndogo inayozungushwa na maji, afadhali zaidi. Pima kwenye vina vile vile utakavyochotea sampuli.

Kuchota sampuli

Hapa ndipo kazi yote inapoharibika au kutengenea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kifaa rasmi ni kile chenye umbo la samaki wa chuma, chenye chupa ndani na mrija puani unaoelekea kule maji yanakotoka, ili maji yaingie kwa kasi ile ile ya mto. Ukiwa nacho, kitumie. Kama huna, chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana kiasi, ifunge kwenye kipande cha chuma kizito, iwekee kizibo, na kizibo ukifunge kwa uzi wake wa peke yake. Kwenye kamba kuu funga vitambaa vya rangi kila sentimita 20. Shusha chupa hadi kina unachotaka, ngoja itulie, kisha ng'oa kizibo kwa uzi. Mapovu yatapanda. Yakikoma, chupa imejaa. Ipandishe bila kusita.

Mto ukiwa na nguvu, kamba italala na haitasimama wima, na kina halisi kitakuwa pungufu ya urefu wa kamba. Pima pembe yake na urekebishe hesabu. Jua pia kwamba chupa ya namna hii huelekea kupata mchanga pungufu, kwa sababu maji hukata kona kuingia mdomoni na chembe nzito haziwahi kukata kona hiyo. Kwa hiyo chochote utakachopata cha mchanga, kichukulie kuwa ni kiwango cha chini.

Vina ninavyochotea ni hivi: karibu na uso, katikati, sentimita 40 kutoka sakafu, na sentimita 20 kutoka sakafu. Ile ya mwisho ndiyo ya thamani kuliko zote. Usiiache chupa igonge sakafu. Ikigonga, wingu la mchanga litaruka na utakuwa umejipima mwenyewe. Na kila kina chota mara tatu au zaidi, kisha chukua wastani. Msukosuko hurusha mashapo kwa mafungu, na chupa moja inaweza kuangukia fungu lililojaa au pengo tupu.

Kutenganisha mchanga na tope

Mimina sampuli kwenye silinda ya maabara, uitikise vizuri, uiweke mezani. Chembe ya milimita 0.063, ambao ndio mpaka wa kawaida kati ya mchanga na tope, huanguka kwa takriban milimita 4 kwa sekunde katika maji ya joto. Kwa hiyo katika safu ya maji ya sentimita 20, mchanga wote umefika chini ndani ya dakika moja. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ya milimita 0.002 ingehitaji saa 14 kwa safari hiyo hiyo. Dakika ikiisha, yavute maji ya tope kwa mpira mwembamba uyahamishie chombo kingine, uache mchanga. Ongeza maji safi, tikisa, ngoja dakika, vuta tena. Rudia mpaka maji yanayotoka yawe meupe.

Chuja kila fungu kwa karatasi uliyoipima uzito ikiwa kavu. Kausha kwenye tanuri kwa nyuzi 105, acha ipoe ndani ya chombo kilichofungwa ili isinywe unyevu wa hewa, pima. Hewa ya Malindi ina unyevu wa kutosha kuharibu kipimo ukiiacha karatasi wazi mezani. Ukikosa mizani ya maabara, mizani ya sonara yenye kusoma sehemu ya mia ya gramu inatosha kwa maji ya masika. Andika gramu za mchanga kwa lita na gramu za tope kwa lita, kila kina peke yake. Usizijumlishe.

Hesabu tatu

Nitatumia mfano: mto wenye kina cha mita 2 na mteremko wa 0.0003.

Ya kwanza ni kasi ya msuguano, inayokuambia nguvu ya msukosuko wenyewe. Zidisha 9.81 kwa kina kwa mteremko, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Hapa tunapata mita 0.077 kwa sekunde.

Ya pili ni namba ya Rouse, iliyotokana na kazi ya Hunter Rouse ya mwaka 1937. Zidisha kasi ya msuguano kwa 0.4, namba ya kudumu ya kanuni inayoeleza jinsi kasi ya maji inavyopanda kutoka sakafuni, kisha gawanya kasi ya kuanguka ya chembe kwa jibu hilo. Tope la milimita 0.02 linatoa 0.013. Mchanga wa milimita 0.2 unatoa 0.8. Maana yake ni hii: tope litatapakaa karibu sawasawa, na katikati ya mto utapata asilimia 97 ya lililopo sentimita 20 kutoka sakafu. Mchanga hautatapakaa hivyo. Sentimita 40 kutoka sakafu utakuta nusu tu ya ule wa sentimita 20, katikati ya mto utakuta sehemu moja ya sita, na juu utakuta karibu na bure. Namba ikizidi 2.5, chembe haziruki tena, zinabingirika sakafuni.

Tope likiwa sawa juu na chini, halitengenezi tofauti ya uzito, na bila tofauti ya uzito haliizuii mizunguko kupanda. Ndiyo maana mto unaweza kuwa mwekundu wa kutisha na msukosuko wake ukawa karibu sawa na wa maji safi.

Ya tatu ndiyo hukumu yenyewe, namba ya Richardson. Inalinganisha tofauti ya uzito inayozuia mizunguko na tofauti ya kasi inayoizalisha. Chukua sampuli zako mbili za chini. Tuseme mchanga ni gramu 3 kwa lita kwenye sentimita 20, na gramu 1.5 kwenye sentimita 40. Tofauti ni 1.5; zidisha kwa 0.62 kwa sababu kila chembe imeondoa maji mahali pake, upate kilo 0.93 kwa mita ya ujazo. Gawanya kwa mita 0.2 za nafasi kati yake, zidisha kwa 9.81, gawanya kwa 1000. Unapata 0.046. Kisha tofauti ya kasi: kama panga lako linasoma mita 0.13 kwa sekunde zaidi kule juu, gawanya kwa 0.2, halafu jibu hilo lizidishe kwa lenyewe, unapata 0.42 au zaidi kidogo. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 0.1 hivi.

Mpaka unaojulikana ni 0.25. Ukiukaribia, msukosuko wa pale unazimika. Ukiuvuka, mizunguko haina tena uwezo wa kujilisha. Kwa 0.1 mto bado uko hai, ila mashapo yameshaanza kuubana. Sasa weka gramu 12 na 6 badala ya 3 na 1.5, mengine yote yabaki vile vile, na namba inapanda hadi 0.4. Hapo mchanga umejizimia moto uliokuwa unaubeba. Utaanza kuanguka, sakafu itapanda, na pampu iliyowekwa karibu itafukiwa.

Namna ya kusoma mchoro wa kasi

Chora kasi dhidi ya kina. Mashapo mengi yakiwapo, mchoro huinama: tofauti kati ya maji ya chini na ya juu inakuwa kubwa kuliko ya maji safi, kwa sababu mizunguko iliyodhoofika haichanganyi tena maji ya haraka na ya polepole. Vito Vanoni alilionyesha hilo maabarani California na kulichapisha mwaka 1946. Yeye na wengine waliomfuata, akiwemo Hans Albert Einstein, mtoto wa Albert Einstein, aliyefanya kazi na Ning Chien miaka ya 1950, walilieleza kwa kusema ile 0.4 ya kanuni hushuka, wakati mwingine hadi karibu 0.2. Mwaka 1981 Neil Coleman alipinga. Alionyesha kwamba ukitumia tu sehemu ya chini kabisa ya mchoro, 0.4 inabaki 0.4, na kinachobadilika ni tabaka la juu lake. Mimi nafuata ya Coleman, na sababu yangu ni ya kikazi: ukiibadilisha 0.4 kila mara mto unapochafuka, utakuwa na namba inayokubali jibu lolote unalolitaka.

Mambo matatu yanayowapoteza watu

La kwanza ni mabubujiko. Utaona maji yanafura juu ya uso na kutawanyika, na mtu atakuambia mashapo yamechachamaza mto. Mara nyingi hayo hutokana na matuta ya mchanga sakafuni, yanayozalisha mizunguko mikubwa nyuma yake hadi ikafika juu. Mafuriko yakizidi, matuta hayo husawazishwa na mabubujiko hupungua. Kwa hiyo kabla hujasema mashapo yanayoelea yametuliza mto, pitisha kamba yenye uzito sakafuni, hatua kwa hatua, ujue kama matuta yapo au yamekwisha.

La pili ni kuchukua majibu ya maabara na kuyapeleka mtoni. Mwaka 1989 Gore na Crowe walikusanya vipimo vingi na kuona kwamba chembe iliyo ndogo kuliko sehemu moja ya kumi ya mzunguko mkubwa hupunguza msukosuko, na iliyo kubwa zaidi huuongeza, kwa sababu huacha mkia wa vurugu nyuma yake. Kwenye mfereji wa maabara wenye maji ya sentimita chache, chembe ya milimita moja inaweza kuwa upande wa kuongeza. Katika mto wa mita 2, mizunguko mikubwa ni ya makumi ya sentimita, na chembe ya kuuvuka mpaka huo ingekuwa kokoto, ambayo haielei. Katika Sabaki, mchanga unaoelea uko upande wa kupunguza.

La tatu ni mfinyanzi mzito. Nimesema tope kidogo halina athari kubwa, na hesabu ya Albert Einstein kuhusu mnato inaunga mkono: chembe zikichukua asilimia moja ya ujazo, mnato hupanda asilimia 2.5 tu, na gramu 3 kwa lita ni kama asilimia 0.1 ya ujazo. Lakini mfinyanzi ukiwa mwingi sana, chembe zake hushikana na kujenga utando ndani ya maji. Jaco Baas na Jim Best walionyesha mwaka 2002 kwamba jambo hili halifuati mstari mmoja: mfinyanzi ukiongezeka, kwanza msukosuko wa karibu na sakafu huongezeka, kisha sehemu ya juu huganda na kusafiri kama donge moja, na mwisho msukosuko hufa kote. Mwenye kupika uji mzito jikoni ameliona donge hilo. Huang He ya China ndiko jambo hili liko wazi zaidi. Mwaka 1977 mto huo ulipimwa ukiwa na zaidi ya kilo 900 za mashapo kwa mita ya ujazo. Maji ya namna hiyo, usiyatumie kanuni yoyote niliyoiandika hapa juu.

Ukipimia mlangoni mwa bahari

Mahali Sabaki inapoingia baharini, utaratibu hubadilika. Chumvi huzifanya chembe za mfinyanzi zishikane vibonge, na vibonge huanguka haraka kuliko chembe moja moja. Usitumie tena kasi ya kuanguka ya milimita 0.02; ipime pale pale, kwa maji yale yale, kwenye silinda na saa. Ukichuja, suuza karatasi kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kukausha, la sivyo utapima chumvi ukidhani ni mashapo.

Upepo nao uandike. Kusi ikivuma, tope la Sabaki husukumwa kaskazini. Kaskazi ikishika, hushuka kusini kuelekea Malindi na matumbawe ya hifadhi ya bahari, na matumbawe huandika kila kitu: moja la hapa Malindi lenye umri wa miaka 300 limehifadhi kumbukumbu ya mmomonyoko wa bara ulivyoongezeka tangu mwanzo wa karne ya 20. Sampuli zako ni za kuandika hayo hayo kwa namba.

Na kila chupa ya mlangoni, pima chumvi yake kabla hujagusa mashapo. Maji ya mto yakielea juu ya maji ya bahari, tofauti ya uzito inaweza kuzidi kilo 20 kwa mita ya ujazo. Gramu 3 za mchanga kwa lita zinaongeza kilo 1.9. Namba ya Richardson iliyokokotolewa kwa mashapo peke yake mahali hapo haisemi lolote kuhusu msukosuko. Weka chumvi na mashapo pamoja kwenye uzito wa kila kina, ndipo ugawanye.